Namba Kumi

Kuta zetu ni za itale, unene wa mkono mzima.
Babu yake Deolinda alizijenga kuikomesha baridi ya Trás-os-Montes,
na baridi imekoma, kiasi.
Ila zimekomesha na mawimbi ya ruta:
jikoni intaneti tele,
chumba cha juu hata tone.

Basi leo, theluji ikianza kupukutika,
tumeleta kebo ya mita ishirini na tano
na Deolinda ametoboa dari bila kuniuliza.

Miaka thelathini na minne nilikuwa tarishi.
Nilidhani haya ni mambo ya watoto wa juzi.
Telmo, kijana wa dukani, akanituliza:
“Mzee Abílio, ruta ni posta tu.”
Akaendelea kusema, mengi sana,
mimi nimeshalishika hilo moja nimeondoka nalo.

Mezani, Deolinda mfuma mablanketi
amezichambua nyuzi nane:
nyeupe-chungwa, chungwa,
nyeupe-kijani, bluu,
nyeupe-bluu, kijani,
nyeupe-kahawia, kahawia.
Anazinyoosha kwa ukucha wa gumba.
“Nani kamtenga kijani na mwenziwe?
Fundi gani afumaye hivi?”
Simjui. Nasoma karatasi tu. Ndivyo ilivyoandikwa.

Kichwa cha kwanza tukakiharibu.
Cha pili, koleo liliteleza, nikatukana, akacheka.
Cha tatu kikaingia, ta!
na kataa kadogo ka kijani kakakonyeza
kama jirani ajuaye siri yako.

Kisha mkosi.
Printa ikiamka, kompyuta inazimia mtandaoni.
Kompyuta ikirudi, printa bubu.
Zima, washa. Chomoa, chomeka.
Mafahali wawili, zizi moja,
na sisi wawili tumesimama katikati na miwani yetu.

Nikafungua ukurasa wa ruta, nikateremka na orodha
kidole kikigusa kioo, mstari kwa mstari,
kama nilivyopanga barua alfajiri.
Kompyuta ya Deolinda: mwisho wa anwani, kumi.
Printa: kumi.
Nélio wetu aliipa namba hiyo kwa mkono
mwaka ule kabla ya kuhamia Luksemburgi,
na ruta, isiyojua, ikaigawa tena.

Nikakaa chini.

Mtaa wa Chemchemi walikuwapo Adérito Pires wawili,
binamu, milango inatazamana, haina namba.
Siku moja barua kutoka Ufaransa
niliitia mlango usiokuwa wake.
Ikafunguliwa. Ikasomwa. Kilichokuwamo sikukijua kamwe.
Miaka kumi na mmoja hawakusalimiana,
na mmoja akazikwa hivyo hivyo.
Hakuna aliyenilaumu.
Nilipita katikati yao kila asubuhi na mkoba wangu.

“Umelala?” Deolinda kaita kutoka chini.
Sijalala. Naandika:
printa, mia mbili. Hifadhi.
Mbali na safu ambayo ruta hugawa, kama karatasi isemavyo.
Kubofya mara moja tu.
Ingekuwa rahisi hivi, ningegonga milango ile miwili
na brashi na kopo la rangi.

Neno la siri amelichagua yeye.
Mimi nilitaka jina la nyumbu wetu wa zamani;
akasema kijiji kizima kinamjua yule nyumbu.
Lake kaliandika, kalizika ndani ya kopo la unga,
na mimi, mume wa miaka arobaini na sita,
nitaliomba kama mgeni.

Nikasubiri juu, peke yangu, mbele ya printa.
Ikakohoa. Ikavuta karatasi.
Ikatema mstari mmoja, herufi kubwa:
SUPU IMEIVA. SHUKA.

Nimebeba barua za watu mvua na jua.
Za kwangu zilikuwa za benki.
Hii haikuwa na stempu wala bahasha.
Nikaikunja mara tatu, kwa mazoea,
nikaitia mfuko wa kifuani,
na supu, kusema kweli, ilipoa kidogo.